Mgao wa serikali kwa shule umepungua, chakula cha mchana sasa ni cha waliolipa tu. Wanaojua sheria nisaidieni

Mama Jikoni, Kinango

Hamjambo humu ndani. Mimi ni mpishi wa shule ya sekondari ya kutwa huku Kinango, Kwale, jina la shule naliacha. Nimeandikwa na bodi, si serikali, kwa hivyo nikisema sana nitajikuta nauza mihogo kando ya barabara. Pia nina binti Form Three hapo hapo, basi nauliza kama mpishi na kama mzazi.

Julai 2025 Waziri wa Fedha, Mbadi, aliwaambia wabunge kwamba ule mgao wa shilingi 22,244 wa kila mwanafunzi kwa mwaka serikali haiuwezi, inaweza 16,900. Baadaye tukaambiwa elimu ya bure haijaondolewa. Sawa. Ila huku kwetu hela huja nusunusu, na siku yake haijulikani.

Chakula hulipa wazazi, tangu zamani. Lakini mwaka huu bodi imeongeza, na asiyelipa hapikiwi. Saa nne karani huniletea karatasi ya majina, napima mahindi kwa gorogoro, lile kopo la kupimia, kulingana na majina hayo. Mwanzo wa muhula nilikuwa nainjika sufuria mbili kubwa. Sasa ni moja, na haijai. Wasiokuwa kwenye karatasi hukaa nyuma ya tangi la maji mpaka kengele ilie, na wengine hutoka getini saa saba wasirudi. Ikifika Alhamisi hata asubuhi hawaonekani.

Na hata waliolipa wananung'unika, maana maharagwe kwenye githeri unaweza kuyahesabu. Mzazi akija kuuliza anaulizia kwangu, kana kwamba nayabeba kwenye leso.

Lingine: timu ya voliboli ya wasichana haikwenda mashindano ya muhula wa pili, hakukuwa na pesa ya gari. Wawili kati yao hawajarudi shule mpaka leo. Mmoja namjua vizuri, hakuwa anakuja kwa ajili ya hisabati, alikuwa anakuja kwa ajili ya mpira. Mwalimu wa hisabati atanikasirikia, lakini ndiyo hivyo.

Maswali yangu: shule ina haki ya kumnyima mtoto chakula kwa sababu hajalipa? Na pesa ya chakula, kama wazazi wamelipa zaidi, mbona maharagwe yamepungua?

Mwalimu Mstaafu, Taita

Mama, pole na moshi. Nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya kutwa, nianze na swali lako la pili kwa sababu ndilo lenye utamu.

Mgao wa serikali haulipii chakula. Huingia hasa kwenye akaunti mbili, ya masomo na ya uendeshaji. Ya masomo ni vitabu, chaki, vifaa vya maabara. Ya uendeshaji ndiyo inayolipa stima, maji, mlinzi, karani, wewe mwenyewe na michezo. Mpango ni nusu ije muhula wa kwanza, asilimia 30 wa pili, asilimia 20 wa tatu. Shule ya watoto 300, ukiondoa 5,344 kwa kila mmoja (tofauti ya 22,244 na 16,900), imepoteza zaidi ya milioni 1.6 kwa mwaka. Na hapo nimewahesabu wote, wakati wale ambao hawajasajiliwa kwenye mfumo wa wizara wa kuwahesabu wanafunzi, mara nyingi kwa kukosa cheti cha kuzaliwa, hawaletewi hata senti na wamo darasani.

Sasa jiulize: mgao umechelewa, stima inakaribia kukatwa, mlinzi ametishia kuondoka. Shuleni kuna pesa gani taslimu? Ya chakula. Inakopwa kidogo "mpaka mgao uingie", na mgao ukiingia umepungua, hailipwi. Maharagwe yako yamekwenda kwenye bili ya stima, mama. Si lazima awe mtu ameiba. Michezo nayo hukatwa mapema kwa sababu mpira haukudai kama mlinzi.

Kuhusu sheria: Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 29. Shule ya umma haitozi karo ya masomo. Malipo mengine yanaweza kuwekwa kwa idhini ya Waziri baada ya kushauriana na bodi ya elimu ya kaunti, lakini mtoto hakataliwi kuhudhuria shule kwa sababu hajalipa. Na pesa yoyote ikipokewa lazima risiti rasmi itolewe. Kwa hiyo wakimfukuza getini wamekosea. Sahani ni jambo jingine, hilo kifungu hakikulitaja.

Kamaa wa Eastlands

Kwani huko kaunti haina kitu kama Dishi na County, ule mpango wa chakula cha shule? Huku mtoto anagusisha bangili, shilingi tano, anakula. Mnaumia bure na mna gavana.

Mama Jikoni, Kinango

Kaka, hiyo ni ya chekechea na shule za msingi, na ni ya Nairobi. Wangu wana ndevu.

Mwalimu, shikamoo. Umenifungua macho, maana mimi nilikuwa namshuku stoo kipa.

Mweka Hazina wa PA (chama cha wazazi), Makueni

Sisi tulikuwa pabaya kama nyinyi. Tulichofanya ni kuacha kupokea pesa ya chakula kwa wanaotaka kuleta vyakula. Kila muhula mzazi analeta mahindi na maharagwe kwa kipimo tulichokubaliana kwenye mkutano, pamoja na kuni. Stoo ina kufuli mbili, ufunguo mmoja wa shule, mwingine wa wazazi. Maharagwe yaliyo stoo hayawezi kulipa stima.

Msisahau kukagua kila gunia mbele ya aliyelileta. Watu huleta mahindi yenye fukusi na unyevu, ukichanganya na mazuri umeharibu yote. Tumerudisha mahindi ya mwenyekiti wetu mwenyewe na akanuna wiki nzima.

Mama Jikoni, Kinango

Wazo zuri, ila Kinango mvua ikikataa sote tunanunua unga dukani, wa shule na wa nyumbani. Kuni na maji watu wanaweza. Mpunga wa bonde la Vanga si wetu. Labda wenye mbuzi walete mbuzi (natania, lakini si sana).

Kijana wa Samburu, Kwale

Mimi nilikuwa mmoja wa hao wa nyuma ya tangi, shule nyingine. Niseme kitu ambacho walimu hawakijui. Njaa mtu anaizoea, unakunywa maji unalala kwenye dawati. Kilichonitoa shule muhula mzima ni majina kusomwa paredi, "wafuatao hawatakula leo", na msichana niliyempenda amesimama mstari wa pili. Nikapata kazi ya kubeba mchanga, jioni nina mia tatu mfukoni. Kurudi ilikuwa ngumu kuliko kutoka.

Mama, kama una namna yoyote, wasisomewe majina.

Mama Jikoni, Kinango

Kwetu hayasomwi paredi, ila karatasi yangu hubandikwa dirishani pa kupakulia, ni yale yale.

Kuna mkutano wa wazazi Ijumaa. Hili la majina nitalianza mwenyewe jikoni kabla ya mkutano: nitamwambia karani aniandikie idadi tu, mimi mpishi nahitaji kujua gorogoro ngapi, sihitaji kujua mtoto wa nani. Halafu foleni iwe moja. Mbele ya foleni nitapakua kidogo kidogo, nikifika mwisho nione kilichobaki. Sufuria ya watu themanini hulisha mia ukijua kuongeza maji, na hilo najua.

Mkutanoni nitauliza risiti, na pesa ya chakula iwe na daftari lake. Mwalimu, hicho kifungu cha 29 nikakichapishe pale saiba niende nacho?

Mwalimu Mstaafu, Taita

Marahaba mwanangu. Chapisha nakala mbili. Moja mpe mwenyekiti wa wazazi tangu Alhamisi aisome usiku, na yeye ndiye aulize, si wewe. Nakala yako iache nyumbani.