Chupa moja marufuku getini, mitaro inaingiza magunia Ziwa Nakuru

Nani atanielezea huu upuzi? Tangu tarehe 5 Juni 2020, mgeni haruhusiwi kuingia Hifadhi ya Ziwa Nakuru na chupa ya plastiki ya kutumia mara moja. Sawa, sheria nzuri, naiunga mkono. Sasa ngojeni mvua kubwa ya Aprili, mkasimame upande wa chini wa mji mtazame kinachopita chini ya fensi ya stima: chupa, nepi, ndara, hata mifuko ile iliyopigwa marufuku 2017. Hizo hazilipi kiingilio wala hakuna anayezipekua.

Mji huu umeinama. Kuanzia mlima Menengai kushuka, maji ya barabara, ya gereji, ya soko na ya vyoo vilivyofurika yanajua njia moja tu. Na ziwa halina mto unaotoka. Maji hukaushwa na jua, uchafu unabaki humo humo.

Najua kuna atakayeniambia ndege wa heroe (flamingo) walihama kwa sababu maji yalipanda, magadi yakapungua makali na chakula chao kikaadimika. Kweli, hilo siwezi kulisukumia chupa. Lakini maji hayo hayo yaliyomeza geti kuu la zamani na kuwafukuza watu wa mtaa wa Mwariki yamelisogeza ziwa karibu zaidi na uchafu wetu. Basi ndiyo tuzidi kumwaga?

Kinachonichemsha damu ni malori ya kunyonya choo. Kuna moja mtaani kwetu, likishamaliza shimo la ploti, linangoja giza, linafungua mpira mtaroni, linaondoka. Kila mtu anajua. Mwenye ploti amelipa bei ya chini, ananyamaza. Mpangaji anafunga dirisha. Nilipeleka malalamiko ofisi moja, wakasema mtaro si wao. Nikaenda kwa hao wenye mtaro, wakataka picha inayoonyesha nambari ya gari. Usiku! Kwani mimi ndiye askari?

Tulipotangazwa jiji tarehe 1 Desemba 2021 tulipiga vigelegele. Tangu hapo ploti ya vyumba vya mabati inabomolewa, panasimama ghorofa tano, na shimo la choo ni lile lile. Eti ziwa liko kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu muhimu duniani tangu 1990, na ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2011. Nepi haisomi orodha.

Sitaki kongamano na chai ya saa nne. Nataka nyavu za chuma kwenye midomo ya mitaro kabla ya fensi, na vijana wanaolipwa kuzisafisha kila baada ya mvua. Lori la choo lisilo na stakabadhi ya kituo cha maji taka linyang'anywe leseni. Ghorofa bila sewa isipate kibali.

Watu wa Kaptembwo, Rhonda, Flamingo: andikeni hapa mtaro wenu unatokea wapi. Wenye ploti pia karibuni, ila msituletee ile hadithi kwamba wapangaji ndio wachafu.