Ramani ya Corona iliyopaka Tanzania kijani: acheni kutudanganya kwa hela zetu!

Wakuu, leo sina salamu ndefu, nimekasirika.

Kuna semina imefanyika hapa Arusha kwa sisi watu wa utalii: magonjwa ya mlipuko na namna ya kumjibu mgeni anayeulizia usalama. Mada nzuri, na ada tumelipa. Mtoa mada akatuwekea ramani ya dunia ya vifo vya Corona. Marekani nyekundu iliyoiva, Brazil nyekundu, Tanzania kijani. Akasema bila hata kusita, "Mnaona wenyewe, sisi haukutugusa." Watu wakapiga makofi. Makofi, jamani!

Unasimamaje Arusha ukasema hivyo? Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa Machi 16, 2020, na alikuwa ametua hapa kwetu KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, akitokea Ubelgiji. Kufikia mwanzoni mwa Mei tulikuwa na wagonjwa 509 na vifo 21, kisha takwimu zikasimama. Chora grafu yetu uone: mstari unapanda wiki chache, halafu unanyooka kama rula zaidi ya mwaka mzima. 509, 509, 509. Hakuna ugonjwa unaokwenda hivyo. Huo ni mstari wa nchi iliyoacha kuhesabu. Februari 2021 mtaani kwetu tulikuwa tunatoka msiba huu tunaingia mwingine, kila tangazo ni "changamoto ya upumuaji", na majumbani watu wanajifukiza nyungu usiku kucha. Wale marehemu kwenye ile ramani hawamo. Nchi isiyo na takwimu inapakwa kijivu, na pembeni inaandikwa kwamba takwimu hakuna. Kijani maana yake tulihesabu tukakuta wachache, na hatukuhesabu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba ramani ya aina hii inamwadhibu anayesema ukweli. Peru mwishoni mwa Mei 2021 walirudia hesabu zao, vifo vikaruka kutoka kama 69,000 hadi zaidi ya 180,000. Ukigawa kwa idadi ya watu wao, wakawa juu kabisa duniani. Walikuwa na ujasiri wa kuandika maiti zao zote! Halafu sisi tunakaa ukumbini tunawaonea huruma. WHO wenyewe Mei 2022 walikadiria vifo vya ziada, yaani vilivyozidi ambavyo vingetokea bila janga, milioni 14.9 kwa 2020 na 2021, wakati vilivyoripotiwa ni kama milioni 5.4 tu. Ukitaka kulinganisha nchi, anzia hapo kwenye vifo vya ziada, na ukubali kwamba hata hayo ni makadirio. Umri nao uangaliwe, maana Corona iliua zaidi wazee: nusu ya Waitalia wamepita miaka 45, nusu yetu hatujafika 20.

Akaja na Marburg, ugonjwa wa virusi unaofanana na Ebola, akaharibu tena. Kagera 2023 wagonjwa 9, wakafa 6. Rwanda 2024 wagonjwa 66, wakafa 15. Eti kirusi cha Rwanda kilikuwa dhaifu! Rwanda wagonjwa wengi walikuwa wahudumu wa afya, wakagundulika mapema, wakapewa dawa na uangalizi wa karibu. Hilo ndilo la kuwafundisha watu, lakini kwenye slaidi zake halikuwepo kabisa.

Na sisi wa Arusha ndio tulipaswa kuwa wakali kuliko wote kwa ramani mbovu. Mmesahau 2014? Ebola iko Guinea, Liberia na Sierra Leone, wageni wanafuta safari za Serengeti kwa sababu mtu kaipaka Afrika nzima rangi moja. Freetown iko karibu zaidi na Paris kuliko na Arusha! Tulilia, magari yakalala. Leo tunapiga makofi kwa uongo wa aina ileile kwa sababu umetupendelea.

Mdau mwenye ile faili ya slaidi aiweke hapa tuichambue moja baada ya nyingine. Na waandaaji, kama mnasoma, kundi linalofuata lisionyeshwe ile ramani.