Ukoo wa Mzee Kiza, Ujiji: Kompyuta ya Baba

JUMATATU

Mwamvua [06:48]: Assalam alaykum ndugu zangu. Hili ni la haraka. Kompyuta ya Baba jana usiku imezima tena, na Alhamisi tunaitwa baraza la kata kwa usuluhishi wa shamba la Simbo. Wanataka majina ya majirani wa kila mpaka. Daftari lote la Baba liko humo. Naomba kila mtu asome na ajibu, sio kuchungulia na kupita.

Mwamvua [06:50]: Fundi ameshaweka pawasaplai mpya (kile cha kulisha kompyuta umeme) na RAM mpya (kumbukumbu yake ya kufanyia kazi), na amelipwa. Bado inazima. Tatu, eleza.

Mwamvua [07:25]: Tatu

Tatu [07:41]: Shikamooni wakubwa. Nilikuwa nafungua duka. Ni hivi, mwanzo ilikuwa haiwaki kabisa, tangu ile siku umeme uliporudi kwa kishindo. Fundi akabadili pawasaplai. Akasema na RAM ni ndogo, akaongeza ya 8GB pembeni ya ile ya 4GB. Sasa inawaka vizuri tu, ila ikikaa kidogo inaleta skrini ya bluu. Au inazima pap, kama mtu kachomoa waya.

Shangazi Zainabu [08:02]: Waalaykum salaam wanangu. Mmeamkaje huko. Juma, migebuka Kibirizi leo wanauzaje?

Juma [08:03]: Shikamoo Shangazi 😂 Leo upepo, boti chache, bei imepanda. Nikipata wazuri nakuletea.

Mwamvua [08:04]: Jamani kompyuta.

Juma [08:06]: Meli ya Liemba waliizamisha 1916, ikakaa chini ya maji mpaka 1924, wakaitoa ikapiga kazi miaka na miaka. Hiyo ya kwenu imeongezwa RAM tu inazimia?

Mwamvua [08:07]: Juma, Alhamisi utakwenda wewe kusimama mbele ya wazee wa baraza na Liemba yako.

Mwamvua [10:30]: Kijana mmoja wa ofisini kwetu amemwelekeza Tatu kwa simu, wamefungua orodha ya matukio ambayo Windows huandika. Imeandika Kernel-Power 41, tena mara nyingi. Pawa ni umeme. Kwa hiyo pawasaplai aliyotuwekea fundi ni mbovu, tununue nyingine. Nafungua mchango:

MCHANGO PAWASAPLAI + STEBILAIZA
1. Mwamvua 20,000 ✅
2. Idi
3. Shabani
4. Juma
5. Hadija
6. Tatu (hana, aachwe)

Nakili, jaza, rudisha.

Idi [12:51]: Stebilaiza tena?

Idi [12:52]: Mimi nina swali moja tu. Ile hela ya stebilaiza niliyotuma mwaka ule ilikwenda wapi?

Mwamvua [12:53]: Idi, hayo tuliyamaliza mbele ya Ba'mdogo.

Idi [12:55]: Mliyamaliza ninyi. Mimi nilikuwa Kasulu. Nilisema hapahapa, umeme ukikatika na kurudi hivi, siku moja utaondoka na kitu. Likaondoka friza. Mkanyamaza. Sasa kompyuta ya Baba, na mimi ndiye wa pili kwenye orodha.

Mwamvua [12:56]: Hela yako ilinunua mchele wa arobaini ya Baba yako. Nikurudishie mchele?

Shangazi Zainabu [12:59]: Astaghfirullah. Wanangu, si hapa.

Juma [13:01]: Orodha mimi nimeiona, nasubiri boti irudi.

Hadija [15:20]: 🙏

Mwamvua [15:21]: Hadija 🙏 ni shilingi ngapi?

Shabani [17:34]: Shikamoo dada, shikamoo Shangazi. Nimetoka kazini sasa hivi, Dar foleni. Nimesoma yote. Dada, simamisha mchango kwanza. Hiyo 41 haisemi pawasaplai ni mbovu. Inasema tu kwamba mashine ilizimika bila kufungwa vizuri. Mtu akichomoa waya ukutani, ukiwasha tena unaikuta 41 ileile. Inataja kifo, haimtaji muuaji.

Shabani [17:36]: Tatu, hapo una matatizo mawili, usiyachanganye. Skrini ya bluu ni moja, kuzima pap ni jingine. Ile ya bluu chini inaleta maneno ya herufi kubwa. Yanasemaje?

Tatu [17:44]: Nimeyapiga picha. Juzi MEMORY_MANAGEMENT. Jana PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA. Leo IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL. Kila siku na lake.

Shabani [17:47]: Basi hapo wa kwanza kushukiwa ni RAM. Draiva, yaani programu inayoendesha kifaa, ikiwa mbovu, kosa mara nyingi ni lilelile. Likibadilika kila siku, kinachosomwa kwenye kumbukumbu ndicho kinachoharibika njiani. Zima, chomoa waya, gusa chuma cha boksi kwanza mwili utoe umeme wake, halafu nisomee stika za RAM zote mbili.

Tatu [18:09]: Ya zamani PC3L-12800. Ya fundi PC3-12800.

Shabani [18:12]: Nilijua. Yenye L ni ya volti 1.35. Isiyo na L ni ya 1.5. Yenye L inavumilia 1.5, lakini isiyo na L ikipewa 1.35 inaweza kuyumba. Bodi (ule ubao mkuu wa ndani) nyingine zinazipatanisha, nyingine hazijui kupatanisha.

Mwamvua [18:13]: Kwa hiyo fundi katuibia.

Shabani [18:14]: Sijasema hivyo dada. Kila moja inaweza kuwa nzima ikikaa peke yake, zikikaa pamoja zikagombana.

Juma [18:15]: Idi na Mwamvua hao 😂😂

Hadija [18:15]: 😂😂😂

Idi [18:16]: Juma we endelea.

Shabani [18:19]: Tatu, na kule kuzima pap, huwa unafanya nini wakati huo?

Tatu [18:21]: Kuprinti. Nikibonyeza tu, printa ikianza kuunguruma, na yenyewe inazima.

Shabani [18:22]: Printa ni ile ya leza? Imechomekwa wapi?

Tatu [18:24]: Hiyohiyo. Ekstensheni moja na kompyuta, skrini, na friji ya juisi.

Shabani [18:28]: Ee Tatu. Printa ya leza ndani ina roli inayopashwa moto ili unga wa wino ushike kwenye karatasi. Ikianza kupasha inavuta mamia ya wati kwa mkupuo. Jioni umeme wa Ujiji wenyewe umeshuka, ekstensheni moja, friji nayo inaanza kuvuta. Pawasaplai nyepesi haivumilii hapo, inakata. Printa ihamie kwenye soketi nyingine ya ukutani kabla hamjanunua chochote.

Juma [18:31]: Mnacheka Liemba yangu. Wale Wajerumani kabla ya kuizamisha waliipaka injini grisi, ndio maana ilipotolewa ilikuwa bado nzima. Fundi wenu alipaka nini?

Shabani [18:33]: Swali zuri kuliko anavyodhani. Tatu, fundi aliitoa feni ya juu ya prosesa?

Tatu [18:36]: Aliitoa, akapuliza vumbi, akairudisha.

Shabani [18:36]: Alifuta pesti ya zamani, ile ya kupitisha joto kati ya prosesa na feni, akapaka mpya?

Tatu [18:38]: Sikumwona na pesti yoyote.

Shabani [18:40]: Basi na joto nalo lipo kwenye orodha ya watuhumiwa. Feni ikishatolewa, pesti inafutwa na kupakwa upya. Ikirudishwa juu ya ile iliyokauka, prosesa inachemka na mashine inajizima yenyewe ili isiungue.

Mwamvua [18:42]: Sawa, tumeelewa. Tatu, toa RAM ya fundi, printa ihamishe, iwashe uprinti daftari lote sasa hivi kabla haijazima. Ikizima washa tena. Uendelee hivyo mpaka zitoke zote.

Shabani [18:43]: Hapana dada, ngoja

Mwamvua [18:44]: Hatuna muda wa kungoja, Shabani. Wewe uko Dar, Alhamisi iko hapa.

Tatu [19:30]: Nimetoa ya 8GB. Imewaka. Nimefungua faili la kwanza, ikazima. Nimewasha, ikazima. Sasa inaandika inakagua na kurekebisha diski, asilimia haisogei.

Shabani [19:31]: USIIZIME. Iache imalize.

Tatu [19:33]: Umeme umekatika.

Juma [19:34]: Na huku Kibirizi.

Mwamvua [19:40]: Ukirudi washa.

Ba'mdogo Ramadhani [20:17]: Kompyuta isiwashwe.

Ba'mdogo Ramadhani [20:29]: Nimekaa kimya tangu asubuhi nawasoma. Mnazungumza mashine. Mashine itanunuliwa. Humo ndani kaka yangu aliandika kila mstari wa michikichi alioupanda Simbo na jina la jirani wa kila mpaka, hata waliokwisha kufa. Alikaa na mimi jioni nyingi tukikumbushana. Mkiyapoteza hayo, shahidi nimebaki mimi peke yangu, na mimi mnaniona nilivyo. Kwanza yatolewe yaliyomo. Kutengeneza baadaye. Na habari ya mchele wa arobaini isirudi tena humu.

Tatu [20:30]: Sawa Ba'mdogo. Nimechomoa ukutani.

Juma [20:31]: Tumesikia Ba'mdogo.

Idi [20:46]: Sawa Ba'mdogo.

Hadija [21:15]: Sawa Ba'mdogo 🙏

Mwamvua [22:05]: Nimesikia Ba'mdogo. Samahani.

JUMANNE

Mwamvua [05:59]: Assalam alaykum. Shabani, yanatolewaje bila kuiwasha?

Shabani [06:20]: Unatolewa ule hadi diski (hard disk, mafaili yanapokaa) wenyewe kwenye boksi, skurubu nne tu. Kuna waya wa kuuunganisha na laptopu kwa USB, kama flashi. Ukiwa ni ule mkubwa wa inchi 3.5, waya uwe na adapta yake ya umeme, la sivyo hauzunguki. Mafaili yanakopiwa kwenye laptopu, na tena kwenye flashi, yakae sehemu mbili. Hapo RAM, feni na pawasaplai hazihusiki kabisa. Na Windows ikiuliza kama irekebishe diski, mkatae mpaka mkishakopi.

Mwamvua [06:22]: Nani ana huo waya?

Mwamvua [06:50]: Nani ana huo waya jamani

Mwamvua [08:15]: Watu kumi na wanne wameona.

Hadija [09:40]: Idi si anao? Alitumia kutolea picha za harusi yangu.

Idi [11:02]: Ninao.

Mwamvua [11:02]: Alhamdulillah. Unakuja lini? Kesho asubuhi panda gari la kwanza, saa nne uwe Ujiji.

Idi [11:30]: Kesho nina mitihani ya wanafunzi, nasimamia mpaka mchana.

Mwamvua [11:31]: Basi mpe dereva alete.

Idi [11:33]: Simpi dereva kitu changu. Nikija nakuja nacho mwenyewe.

Shangazi Zainabu [11:40]: Idi baba, njoo hata usiku. Nitakupikia ugali wa muhogo na migebuka, Juma ameahidi.

Juma [11:41]: Shangazi nilisema nikipata.

Idi [12:10]: Ntaangalia Shangazi. Nikimaliza mapema.

Mwamvua [12:11]: Ntaangalia sio jibu. Idi andika ndiyo au hapana, nimwambie Ba'mdogo.

Ba'mdogo Ramadhani [13:25]: Idi, nakusubiri.

Mwamvua [14:02]: Mchango bado uko palepale, pesti na stebilaiza zitahitajika tu. Shabani, Juma, Hadija. Na aende mtu kwa fundi, ile RAM aichukue atupe yenye L.

Juma [14:30]: Kwa fundi naenda mimi. Akikataa kubadilisha?

Shabani [16:48]: Nimetuma 30,000 kwa Tatu. Nunua pesti, na ekstensheni nyingine printa ipumue.

Tatu [16:55]: Imefika kaka, ahsante. Dada Mwamvua, kuna mteja hapa anataka kuprinti barua ya maombi ya kazi. Nimwambie lini?

Mwamvua [16:56]: Mwambie Jumatatu.

Tatu [16:58]: Anasema kazi inafungwa Ijumaa.