Asali ya Tabora: chini imeganda, juu ina povu. Naombeni ushauri

Dumu5: Wakuu, nina lita 5 za asali ya miombo kutoka Tabora. Chini kuna chenga kama sukari, juu povu na harufu ya pombe kwa mbali. Nimeuziwa iliyochakachuliwa? Bado inafaa kwa dawa?

Mlinaji: Kuganda siyo kuchakachuliwa. Glukosi hujitenga ikawa chenga, fruktosi hubaki majimaji. Tatizo ni kwamba chenga zinaacha maji nyuma: asali ya unyevu wa 19% huko juu inavuka 20%, hamira inaamka. Mara nyingi ni masega yaliyolinwa kabla nyuki hawajayafunika kwa nta. Na jaribio la njiti ya kiberiti achana nalo, halitambui sukari ya dukani.

Kibuyu: Ongeza maji, subiri, uza wanzuki 😂

Nta_Safi: Dawa ya nini, na ya nani? Hapo umeruka.

Dumu5: Kikohozi. Cha mtoto, miezi 8. Lakini nimeichemsha dakika 10, vijidudu vimeshakufa. Na ni kijiko kimoja cha chai, usiku tu.

Nta_Safi: Acha leo hii! Mbegu za bakteria wa Clostridium botulinum hazifi kwenye nyuzi 100. Kwenye utumbo wa mtoto chini ya mwaka 1 zinaota na kutoa sumu inayolegeza misuli. Udogo wa kijiko haumkingi.

Mlinaji: Tena kwa kuchemsha umeua kimeng'enya kinachotengeneza haidrojeni peroksaidi, ile inayozuia bakteria kwenye kidonda. Kuyeyusha chenga ni maji ya nyuzi 40, chombo kikae humo taratibu.

Kibuyu: Subirini. Imechemka dakika 10 na chenga bado zipo? Hii chai, wakuu.

Dumu5: Nilichemsha kikombe kimoja, mkuu. Dumu sijaligusa. Mnaacha swali langu mnanihukumu. Bibi yake kalea saba kwa asali.

Nta_Safi: Chai au siyo chai, jibu: anapata choo? Ananyonya kwa nguvu? Kope, shingo, sauti ya kulia?

Dumu5: Choo siku ya tatu hajapata, ila nadhani ni ndizi. Kulia analia, kwa chini chini.

Nta_Safi: Siyo ndizi. Beba kadi ya kliniki, nenda hospitali usiku huu, na kitu cha kwanza kumwambia daktari ni asali.