Walibadilisha kitendo cha tayari kimyakimya, maboksi 14 ya vifaranga yakabaki mikononi mwangu

Wenzangu mnaotumia mifumo hii ya kuunganisha kazi bila kuandika programu, someni kabla hamjaitegemea na pesa za wateja. Nina hasira na sitaificha.

Mimi na ndugu yangu tunauza vifaranga wa siku moja hapa Nakuru. Mteja analipa kwa Paybill, nambari ya M-Pesa ya kulipia biashara, taarifa ya malipo inaingia kwenye mfumo, mfumo unaandika oda kwenye jedwali na kumtumia mteja SMS ya siku ya kuchukua. Aliyelipa kabla ya saa sita usiku wa Jumanne anachukua Alhamisi, aliyechelewa anangoja Jumatatu. Hatua zote nilizipanga kwa vitendo vya tayari: unachagua kwenye orodha, unajaza visanduku, kazi inaenda. Miezi minane havikunisumbua, ukiacha jedwali kumeza sifuri ya mbele ya nambari za simu, jambo nililolirekebisha siku ya kwanza.

Sasa sikieni. Taarifa ya M-Pesa huleta saa ya malipo kama tarakimu 14 mfululizo: mwaka, mwezi, siku, saa, dakika, sekunde. 20250311214000 ni Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa tatu na dakika arobaini usiku, saa za Kenya. Ndani yake hakuna alama ya kusema ni saa za wapi. Kitendo cha tayari cha kupanga tarehe kilikuwa kikizisoma zilivyo. Wenye mfumo wakakibadilisha. Kikaanza kuzichukua kama saa za UTC, yaani saa za kimataifa zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu, kisha kikaziongezea saa tatu ili zifike Nairobi, na kumbe zilikuwa Nairobi tangu mwanzo! Malipo ya Jumanne usiku yakasomeka Jumatano, saa sita na dakika arobaini. Kila aliyelipa kuanzia saa tatu usiku akasukumwa siku isiyo yake, na wateja wetu wengi hulipa usiku, wakishafunga duka au kumaliza kukama.

Jina la kitendo ni lile lile. Sikupata barua pepe. Kila hatua iliwaka kijani.

Nilijua Alhamisi asubuhi, maboksi yaliposhushwa na wenyewe hawaji. Maboksi 14, kila moja vifaranga 100, vyumba vinne vya 25, vidomo vikitokeza kwenye matundu. Nikampigia mama mmoja wa Njoro. "Mwanangu, si mliniambia Jumatatu? Maranda sijanunua, jiko sijawasha. Leo nitawaweka wapi?" Nilikosa la kumjibu. Alilipa kwa wakati, kosa halikuwa lake.

Kifaranga anaweza kukaa kama siku tatu bila chakula kwa sababu ya kiini cha yai kilichobaki tumboni, lakini baridi ya usiku wa Nakuru ni habari nyingine. Tuliwaingiza sebuleni, tukakesha na majiko mawili ya makaa. Kufikia Jumamosi walikuwa wamekufa 38. Ndugu yangu aliwatoa mmoja mmoja.

Tiketi ya malalamiko kwa wenye mfumo niliandika Alhamisi ile ile. Jibu lilikuja Jumatano iliyofuata: nitume kumbukumbu, yaani rekodi za kila hatua iliyoendeshwa, za siku ya tukio. Kwenye kifurushi changu kumbukumbu hukaa siku saba tu! Za Jumanne zilikuwa zimeshafutika wakati tiketi yangu imelala kwao. Jibu la pili: kama kitendo cha tayari hakinifai, nitengeneze changu. Na kutengeneza chako kuko kwenye kifurushi cha juu, bei karibu mara tatu, kila kikiendeshwa kinakula mgao wa mwezi, na masharti yanasema kikiharibika ni juu yangu. Chao kilipoharibika kilikuwa juu ya nani?

Nimelipa, kwa sababu ya wateja. Kitendo changu kina mistari sita: kinachukua tarakimu nane za mwanzo, kinazisoma kama tarehe, basi. Nimekijaribu kwa malipo ya saa tatu kasoro dakika moja, saa tatu kamili, na saa sita kasoro dakika moja usiku. Yote yameangukia Jumanne.

Ninachodai si kikubwa. Kitendo cha tayari kiwe na nambari ya toleo, na toleo nililolipanga libaki hivyo mpaka nilibadilishe mimi. Kionyeshe wazi kinahesabu kwa saa za wapi. Wanirudishie tofauti ya bei ya kifurushi, maana ninalipia kurekebisha kosa lao.

Mnaoendesha n8n, mfumo mwingine wa aina hii, kwenye seva zenu wenyewe, hasa huku Nakuru na Kisumu: umeme ukipotea taarifa ya malipo ikiwa njiani, mnaipataje baadaye? Nataka kuhama kabla ya mwisho wa mwezi.