Tupeane uzoefu: siku uliyokuta kazi ya mkono wako imeigwa

Mama Ukili
Habari zenu wadau. Juzi nimepishana na binti kabeba kapu, nikageuka kama niliyeitwa. Ukili mwekundu unaopanda mshazari toka kitakoni, mikono ya ngozi, hata kifundo ninachokificha ndani ya mdomo wa kapu. Kila kitu changu, ila sikulisuka mimi. Siku ya pili hii nalala na hasira. Nyie yalipowakuta mlifanyaje?

Tezo Butu
Pole. Mimi nimeshaacha kuhesabu.

Shanga Mbili
Umenitonesha. Miezi minne nilihangaika na mkufu mmoja, natunga, nafumua, natunga. Ulipokaa sawa nikaupiga picha, nikaweka mtandaoni. Wiki ya tatu mteja wangu wa siku zote ananiuliza mbona nimeshusha bei. Kutazama, picha ni YANGU, kidole changu chenye kovu kinaonekana pembeni, ila muuzaji mwingine! Nikaagiza mmoja kwa jina la dada yangu. Ukaja umetungwa kwa uzi wa kushonea nguo. Jamani, tundu la shanga ya kioo lina ukingo mkali, uzi wa pamba unakatwa kidogo kidogo. Siku ya tano shanga zote sakafuni. Na walioununua wakaja kunisema mimi, kwa sababu sura ya kazi wanaijua ni yangu. Hicho ndicho kilichoniliza, wala si pesa.

Nyuzi na Mimi
Kweli kabisa dada.

Tezo Butu
Wewe umeibiwa picha. Kuiba picha na kuiga mtindo ni mambo mawili. Mimi kuchonga nimejifunza kwa kuiga. Fundi wangu anachonga, mimi ubavuni kwake nachonga kilekile, hanielezi neno. Siku aliyookota changu akidhani ni chake ndipo nikajua nimeiva.

Batiki Tupu
Rahisi kusema wewe, ambaye vinyago vyako na vya jirani yako havitofautiani.

Tezo Butu
Havitofautiani kwa asiye na macho. Anayeiga kwa tezo anatoka jasho kama mimi, sina ugomvi naye. Nina ugomvi na anayepaka mti mweupe rangi ya viatu akauita mpingo. Kitie kwenye ndoo ya maji: mpingo unazama. Chake kinaelea kama bata.

Mzee wa Brashi
Mnamsahau Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960, akafa 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Miaka michache tu ya kazi. Ndugu na wanafunzi wasingemuiga, nani leo angelijua jina lake? Sasa hivi ukisema tingatinga watu wanafikiria picha, hawamfikirii mtu.

Shanga Mbili
Na hilo ndilo unaliita zuri? Mtu kumezwa na kazi yake mwenyewe?

Fumuafumua
Ngoja niseme hapa msiponijua. Mimi ndiye mwigaji. Nilinunua pochi ya shanga kwa mama mmoja, nikashindwa kuelewa kona zake zinakunjaje bila mshono. Usiku nikatandika kitambaa cheupe, nikaanza kuifumua mstari kwa mstari huku naandika: saba nyeusi, moja nyeupe, saba nyeusi. Nilipofika katikati mtoto akaamka, akapita juu ya kitambaa. Nadhani mmeelewa. Asubuhi nina bakuli la shanga na nusu pochi. Nikaungaunga, nikampelekea mwenyewe, nikamwambia imekatika tu. Akavaa miwani, akaigeuza, akapitisha ukucha kwenye vifundo vyangu kimoja kimoja. Hakuuliza kitu. Akaitengeneza mbele yangu, na kila akifika kwenye kona anapunguza mwendo, ananitazama, anaendelea. Wakati ananikabidhi akasema, "Siku nyingine ukifumua, anzia ukingoni. Katikati utapoteza hesabu." Hakunitoza hata kidogo. Sijarudi kwake mpaka leo, na kona zile ndizo zinazonilisha.

Nyuzi na Mimi
😳

Batiki Tupu
Mimi ningekutoza mara tatu.

Mzee wa Brashi
Huyo mama ni mwalimu.

Batiki Tupu
Mwalimu wa nini, kaibiwa mchana kweupe!

Mpita Njia
Samahani, kwani hizo kona zinakunjwaje?

Fumuafumua
Hapana jamani, hilo sisemi.

Shanga Mbili
Sikilizeni! Mwizi anafunga mlango!

Nyuzi na Mimi
Turudi kwa Mama Ukili. Usipige picha za karibu.

Mpita Njia
Piga za karibu sana, zenye tarehe, ndio ushahidi wako. Hakimiliki inalinda picha na mchoro, ila hailindi wazo wala mbinu ya kusuka.

Tezo Butu
Weka kosa moja la makusudi, utawakamata.

Batiki Tupu
Niliweka. Wateja wakalipenda kosa, sasa wanaliagiza.

Mama Ukili
Asanteni. Leo nimekutana tena na yule binti, nikaomba nilishike. Ukili wake mwembamba kuliko wangu, na kitako hakina kile kinundu kinachonishinda miaka yote, kimelala sakafuni kama sahani. Sijui anakianzaje. Nimeligeuza mpaka binti akaniuliza kama nalitaka.

Tezo Butu
Ukalinunua?

Mama Ukili
Liko mapajani. Natafuta mkasi.