Njia za shamba la mipaina: slasha ya kubebwa, ya kuvutwa, au yenye injini yake?

Mufindi_Juu: Wakuu habari. Nataka mashine ya kukata nyasi kwenye njia za shamba. Nimeonyeshwa ya kuvutwa yenye injini yake, na slasha ya PTO, yaani inayozungushwa na shafti inayotoka nyuma ya trekta. Ipi inafaa?

Fundi_Mafinga: Mkuu, hapo hujasema kitu. Trekta gani? Njia upana gani? Visiki? Mteremko?

Mufindi_Juu: Massey Ferguson (MF) 240. Njia upana mita 3, jumla kilomita 14. Visiki vipo pembeni, milima ndiyo hii ya kwetu.

Fundi_Mafinga: Basi yenye injini yake achana nayo. Hiyo ni ya mtu anayevuta kwa chombo kisicho na PTO. Wewe utakuwa unalisha injini ya pili bure, na chujio lake la hewa linaziba kwa makapi ya nyasi. Chukua slasha ya kubebwa, ile inayonyanyuliwa na mikono ya nyuma ya trekta, upana futi 5. Hesabu nguvu za farasi 5 kwa kila futi, zaidi kama kuna michipuko. Kumbuka pia injini isiyo na turbo hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda kutoka usawa wa bahari.

Kilolo_Chai: Futi 5 ni mita 1.5. Mara mbili ni mita 3 kamili, hakuna kupishana, utaacha mstari wa nyasi katikati. Futi 6. Ila mimi ningenunua ya nyundo, yenye vinyundo vingi kwenye rola inayozunguka: inasaga laini na hairushi mawe ovyo.

Fundi_Mafinga: Kwenye visiki? Nyundo moja ikikatika, rola inapoteza mizani, beringi zinakufa. Na ukibadilisha, badilisha na ya upande wa pili.

Makambako77: Ya kubebwa inanyanyua pua ya trekta mlimani, usukani unakuwa mwepesi. Weka vyuma vya uzito mbele, au chukua slasha ya PTO ya kuvutwa kwa matairi. Ubaya wake ni kurudi nyuma na kugeuza.

Fundi_Mafinga: Yoyote utakayochukua, usibadilishe ile bolti laini ya shafti, kazi yake ni kukatika kwanza ili giaboksi ipone. Kuna slasha ililetwa hapa, bolti ilikuwa inakatika kila siku, dereva akaweka bolti ngumu ya daraja 8.8. Kisiki kilipopigwa, visu vilijikunja nyuma kama kawaida, lakini sahani inayovishika ikagonga. Bolti haikukatika. Shafti ikajipinda, meno ya giaboksi yakang'oka, oili namba 90 yote ikamwagika njiani. Tena shafti yenyewe ilikuwa ndefu: slasha ikinyanyuliwa, shafti inagota mwisho na kusukuma beringi ya giaboksi. Ikate, lakini mirija yake miwili ibaki imeingiliana angalau theluthi.

Njombe_Baridi: Kwani si upige dawa ya kuua nyasi tu?

Kilolo_Chai: Udongo ukibaki uchi, masika yanaondoka na barabara.

Makambako77: Kata Mei, nyasi zikiwa mbichi. Agosti zimekauka, kisu kikigonga jiwe cheche inatosha kuchoma shamba, na njia hiyo si kinga moto, nyasi zilizokatwa ni kuni.

Mufindi_Juu: Sawa. Ila klachi yangu sijui ni ya hatua moja au mbili.

Fundi_Mafinga: Washa PTO trekta ikitembea, kanyaga klachi nusu. Trekta ikisimama na PTO ikaendelea, ni mbili. Ikiwa moja, visu vinavyoendelea kuzunguka vitakusukuma mbele hata ukikanyaga. Funga kifaa kinachoiruhusu shafti izunguke huru.

Njombe_Baridi: Nje ya mada: diski za klachi ya 240 mnanunua wapi siku hizi? Za mjini hapa zinaungua haraka.

Kilolo_Chai: Dereva anapumzisha mguu kwenye pedeli, huyo.